Uzito wa Mdoli Tatu

Siku ya kuniaga, Editha, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi, aliniuliza mbele ya watu, "Mama, huyu Tatu sasa tumfanyeje? Si tumeletewa wapya?" Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni. Nikatikisa kichwa tu, na kila mtu akaelewa alivyotaka. Nimekaa hapa nyumbani Nsemulwa wiki nzima nikijilaumu kwa keki ile, ndiyo maana naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuja vilivyokuja na havina la kufundisha. Nitawaeleza habari za Tatu, maana ninyi mlimkuta kabatini na hamjui alikotoka wala kazi aliyoifanya.

Nilifika hospitali yetu ya Mpanda nikiwa msichana mwembamba kutoka Mpimbwe, cheti kikiwa kwenye bahasha na viatu vyeupe vikiwa vya kuazima. Aliyenipokea ni Mama Skola, mkunga wa Kifipa, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilisikika kuliko ya daktari. Cheti hakukitazama. Aliniambia ninyooshe mikono, akaniwekea mdoli.

"Ana kilo ngapi?"

"Sijui, mama. Sijampima."

"Na mizani ikiharibika? Utamwambia mzazi mtoto wake ana kilo sijui?"

Huyo ndiye Tatu. Mama Skola alimshona mwenyewe kwa kitambaa cha marikani, nywele za uzi mweusi, kitovu cha utepe wa kitenge, na kondo la nyuma alilolikata kutoka kwenye sweta jekundu la mumewe. Mume aliambiwa sweta limeliwa na nondo. Mgongoni aliweka vifungo vya shati, na ndani yake mfuko mdogo wa mchele, ili uweze kuongeza au kupunguza. Ukijaza sawasawa alikuwa kilo tatu, ndipo jina lilipotoka. Ukipunguza, alikuwa njiti. Kila asubuhi kabla ya zamu Mama Skola aliubadilisha mchele bila kutuonyesha, tukapokezana mdoli na kukisia. Mizani yetu ya wakati ule, ya ndoano, ilikuwa na siku zake za kukataa kazi kama mtumishi yeyote wa serikali, kwa hiyo mikono yetu ilibidi ijue.

Mchele wenyewe ulikuwa wa kwetu, mama yangu aliuleta. Mpimbwe tunalima mpunga mzuri, na panya wa stoo walikubali. Jumatatu moja tukamkuta Tatu hana tumbo wala paja la kushoto. Mama Skola akashona upya, akanituma mto Katuma kuleta mchanga, tukauosha, tukauanika, tukauchekecha. Tangu hapo tumbo lake ni mchanga, na kopo la akiba lilikaa chini ya kabati. Ninyi mmekuwa mkilitumia kuzuilia mlango.

Alitufundisha jambo jingine ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Mtoto akitoka, kabla hujafanya lolote, unamwambia "Karibu." Tulilazimika kumwambia hata Tatu. Wanafunzi walicheka, na aliyecheka alirudia zoezi mpaka kicheko kikaisha. Sasa, watoto wengine hutoka wakiwa wameshaondoka, nanyi mnajua siku hizo zilivyo. Kwa utaratibu wa wakati ule tulimfunika uso haraka, mama tukamgeuzia ukutani, na mtoto akakabidhiwa kwa wanawake wa familia waliokuwa wakisubiri nje. Walimzika wao, siku hiyohiyo, bila matanga. Wazee walisema mama akimwona atambeba machoni mpaka mimba ijayo, na akilia atafunga kizazi. Hakuna aliyeona ni ukatili, tuliona ni huruma. Lakini hata mtoto wa namna hiyo, Mama Skola alimwambia "Karibu," taratibu, kabla ya kumfunika. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Kwani amefika, au hajafika?" akanijibu, akaenda kunawa mikono.

Alistaafu, akarudi kwao, na baada ya miaka michache tulipata habari za msiba wake. Tatu nikarithi mimi, pamoja na fetoskopu yake ya mbao, ile kama tarumbeta ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipochaguliwa kwenda Japani kwenye mafunzo ya wakunga. Kwa nini mimi, sijui hadi leo. Nadhani wenzangu waliogopa ndege. Ilikuwa mwishoni mwa majira yao ya baridi, na masweta mawili niliyonunua Makanyagio kwenye mitumba yalikuwa sawa na kuvaa gazeti. Darasani tulijifunza mambo mazuri ambayo mengi yalihitaji umeme usiokatika. Jumapili moja wenyeji wetu wakatupandisha treni, wakatupeleka kwenye mji mdogo wa zamani, mji wa mafundi wa midoli, kuona sikukuu ya watoto wa kike.

Jina la mji ule sikuliweza wala sitajaribu hapa. Ni mtaa mmoja mrefu wa nyumba za mbao nyeusi, na siku hizo za sikukuu kila nyumba hufungua mlango wa mbele ili mpita njia aingie atazame. Ndani wamepanga ngazi zilizofunikwa kitambaa chekundu. Ngazi ya juu wanakaa mfalme na malkia, chini yao wanawake wa nyumba ya mfalme, kisha wapiga ngoma na filimbi, wote midoli, wote wamevaa hariri, nyuso nyeupe zilizotulia kama watu wanaosikiliza misa. Tulielezwa kwamba mtoto wa kike akizaliwa, babu na bibi humnunulia midoli hiyo. Kila mwaka huitoa kwenye masanduku sikukuu inapokaribia, na ikipita huirudisha upesi, maana ikichelewa kurudi sandukuni, binti atachelewa kuolewa. Nikasema moyoni kumbe haraka hii iko dunia nzima.

Tulimwona fundi akichora nyusi za mdoli kwa brashi ya nywele chache, pumzi ameibana. Kichwa, walituambia, ni unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, kisha unapakwa rangi ya maganda ya chaza yaliyosagwa, tabaka juu ya tabaka. Anayetengeneza kichwa si yeye anayevika nguo. Nikamwonea wivu kidogo. Mkunga wa Mpanda hutengeneza kila kitu peke yake, pamoja na chai.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanamke mzee sana, Bibi Haruko. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa vichwa, naye mwenyewe alikuwa mvika nguo tangu usichana. Tulivua viatu mlangoni, soksi yangu ikatoboa siri kwamba ina tundu, naye akatazama pembeni kwa adabu. Midoli yake mikubwa ilikuwa imejaa sebule. Lakini kwenye kona, juu ya meza ya chini, palikuwa na wawili tu, mfalme na malkia wadogo, bila watumishi, na mbele yao kikombe na tawi la maua ya mpichi. Wenzangu walipita. Mimi nikasimama, na yule mzee akaona nimesimama.

Akamuuliza mkalimani kazi yangu. Mkalimani alimwambia, na Bibi Haruko akakaa chini kwenye mkeka taratibu, akaniashiria nikae. Alisema wale wawili ni wa binti yake. Alizaliwa mchana, na kulipokucha hakuwapo. Yeye hakumwona. Wakati ule hospitali walimwambia ni bora asimwone, na mumewe ndiye aliyembeba kwenda kumzika. Mkalimani alikuwa akitafsiri kwa Kiingereza nami nikijiwekea Kiswahili kichwani, kwa hiyo kila neno lilinifikia kwa kuchelewa na kunikaa.

"Maisha yangu yote nimeshika midoli," alisema. "Najua uzito wa kila mmoja hata nikifumba macho. Mtoto wangu sikujua. Nilimuuliza mume wangu, alikuwa mzito? Hakujibu. Nilimuuliza miaka mingi. Amekufa bila kujibu."

Nikauliza swali la kipumbavu, kwa nini basi anawatoa kila mwaka.

"Kwa sababu alizaliwa," akasema.

Nikamsikia Mama Skola ndani ya maneno yale, na machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua. Bibi Haruko alinipa karatasi laini, ile wanayofungia nyuso za midoli wanapoirudisha sandukuni. Alipoona nimetulia alisema kwamba wengine huirudisha siku inayofuata, ila yeye huwaacha wawili wale mpaka maua yanyauke, kwa kuwa huyu wake hana haraka ya kuolewa. Akacheka mwenyewe, nami nikacheka, tukiwa bado tunafuta macho.

Niliporudi Mpanda niliwasimulia habari za treni na vyoo vinavyopasha moto makalio, na kwa hilo nilipata heshima kubwa. La Bibi Haruko nililiweka. Lakini nilianza kuwauliza kina mama ambao watoto wao hawakubaki: unataka kumwona? Wengine walisema ndiyo, wengine hapana, na wote niliwasikiliza. Baadhi ya ndugu walinikasirikia. Mkubwa wangu wa kazi aliniita akaniambia niwe mwangalifu, kwa sababu huku kwetu neno la uchawi likishatamkwa halirudi mdomoni, na nisingependa litamkwe juu yangu. Alisema kweli, na niliogopa.

Kisha akaja Kabula.

Aliletwa asubuhi kutoka Kabungu kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake, kitenge kimelowa damu. Walikuwa Wasukuma, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Niliweka fetoskopu tumboni, nikahamisha, nikahamisha tena. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia kabla ya wakati. Alipelekwa chumba cha upasuaji, na mtoto, wa kike, alitoka ameshakwenda. Nilimpokea mimi. Nikamwambia "Karibu," nikampima, nikamvika, nikampeleka kwa wenzangu wodini, nikarudi mbio kwa mama yake aliyekuwa bado anatoka damu. Tulihangaika naye mpaka jioni. Alipofumbua macho, mama mkwe na wanawake wa nyumbani walikuwa wameshamchukua mtoto, wamemzika Kabungu, kama desturi inavyotaka.

Siku zilizofuata Kabula hakusema. Uji ulipoa pembeni yake. Alilala ameelekea ukutani, ingawa safari hii hakuna aliyemgeuza. Kisha maziwa yakaja, maana mwili haupewi taarifa, gauni likalowa kifuani, na mama mkwe akambana kwa kitenge bila kusema neno. Kidonda chake hakikutaka kufunga. Daktari alisema asipokula tutampoteza, na familia ilishaanza kunong'ona kuhusu kumtoa na kumpeleka kwa mganga. Ningemruhusu atoke katika hali ile, nilijua asingefika mbali.

Asubuhi moja, nikiwa nambadilisha bandeji, alisema bila kugeuka, "Sista. Alikuwa mzito?"

Nikamtajia kilo. Zilikuwa tatu kasoro kidogo.

"Kilo mimi sizijui," akasema. "Nakuuliza alikuwa mzito?"

Nilisimama na bandeji mkononi kama mtu aliyesahau kazi. Nilimwona yule mzee kwenye mkeka wake. Nikaenda kabatini, nikamtoa Tatu, nikafungua vifungo, nikapunguza mchanga, nikapima, nikaongeza, nikapima, mpaka ukafika uleule. Nikamfunga kwenye khanga safi. Niliporudi nilimweleza Kabula wazi, kwa sababu jambo kama hili halitaki mafumbo.

"Huyu ni mdoli wa kufundishia. Si mtoto wako. Lakini uzito wake ni ule. Ukitaka, mshike. Usipotaka, namrudisha."

Aligeuka kwa shida, akanyoosha mikono. Alipompokea hakulia. Alisogeza tu kichwa cha mdoli kikae vizuri kwenye kiwiko, jinsi kila mama anavyofanya bila kufundishwa, akatulia hivyo, akipumua.

Ndipo mama mkwe, ambaye wodini tulimwita Mama Masanja kwa jina la mwanawe, akaingia na chupa ya uji.

"Nini hicho?"

Wodi nzima iligeuka kututazama. Hata watoto, nakumbuka hivyo, ingawa haiwezekani.

"Mama, ni mdoli wa..."

"Nimekuuliza ni nini! Mjukuu wangu nimemzika kwa mikono hii. Nyie mmemfukua? Mnamchezea na masanamu?" Nje ya dirisha watu walianza kusogea. "Mnamfanyia nini huyu mtoto wa watu?"

Alitua chupa chini, akafika kitandani kwa hatua zake ndefu, akamnyakua Tatu mikononi mwa Kabula. Nilijua ninachosubiri. Atamtupa, atapiga yowe, na kesho nitakuwa nimesimama mbele ya watu nikieleza jambo lisiloelezeka. Kabula alibaki na mikono wazi.

Mama Masanja hakutupa. Alisimama amemshika, na nikaona mikono yake inafanya kitu. Ilimshusha kidogo, ikampandisha kidogo, kama sisi tulivyofanya kila asubuhi mbele ya Mama Skola. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini mikono ilikuwa imeshaiacha.

"Huyu mwepesi," akasema.

"Mama?"

"Huyu mwepesi, sista. Yule alikuwa mzito. Mimi ndiye nilimbeba."

Nilivuta kopo la mchanga kutoka chini ya kabati nikamletea. Mama Masanja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwonyesha vifungo, akachota kwa kiganja chake. Alipima mikononi. Bado. Akachota tena. Bado. Kabula alikuwa amejiinua kwa viwiko, anamtazama, na ilikuwa mara ya kwanza tangu upasuaji kutazama kitu chochote.

"Hapo," alisema Mama Masanja. Akamfunga vifungo, akamfunika vizuri, akamrudisha kwenye mikono ya mkwewe. "Alikuwa hivi. Nilibadilisha mkono njiani, hivyo ndivyo alivyokuwa mzito. Nywele nyingi, mpaka huku shingoni. Masikio ya Masanja, yaleyale. Vidole virefu."

"Mbona hukuniambia, mayu?" Kabula aliuliza. Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Hatusemi. Mimi nilikuwa nao wawili kabla ya Masanja. Waliniambia geukia ukutani. Hakuna aliyewahi kuniambia walikuwaje." Aliivuta khanga ya mdoli ikae sawa. "Mpaka leo siwajui."

Hapo Kabula akalia, sauti nzima, ambayo wodini kwetu haikuwa kawaida. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaanza kumwambia asilie, atajifunga kizazi. Mama Masanja akageuka.

"Mwacheni alie," akasema. Naye akalia. Nami nililia, bandeji chafu nikiwa nimeiacha kitandani, jambo ambalo ni kinyume cha kila nilichowafundisha.

Mchana ule Kabula alikunywa uji wote. Aliruhusiwa kidonda kilipofunga, wakaondoka na mama mkwe wake, na habari za mganga sikuzisikia tena. Mimi nilimchukua Tatu nikampima. Alizidi uzito nilioupata siku ile, kwa ujazo wa viganja kadhaa vya mwanamke mfugaji. Nikaijaribu mizani kwa pakiti ya sukari, ikawa sahihi. Haikuwa na kosa. Ila mizani haikumbeba kwenda Kabungu. Sikuutoa mchanga ule, na toka siku hiyo sikumtumia Tatu kwenye mazoezi ya kukisia. Ndiyo maana wanafunzi waliomgusa kwa udadisi waliniambia jina lake na uzito wake havilingani, nami nikawajibu waendelee na kazi.

Kabula alirudi kujifungua kwetu mara mbili, salama. Mara zote mbili, kabla ya kutoka wodini, aliniomba nimfungulie kabati. Mara ya pili alikuwa na yule mkubwa, mvulana mdogo aliyeanza kuongea, ameletwa na bibi yake kumwona mdogo wake. Mama Masanja alimshika kichanga, na Kabula akamtoa Tatu, akakaa, akamweka mwanawe mkubwa pembeni na kumwekea mdoli mapajani, mikono yake mwenyewe ikishikilia kwa chini.

"Mzito," akasema yule mtoto.

"Eeh," akasema Kabula. "Dada yako alikuwa mzito."

Wale midoli wapya wa plastiki ni wazuri, Editha. Vifua vyao vinapanda na kushuka, na panya hawawataki. Fundisheni kwao. Lakini kabatini pana nafasi ya wote, na atakuja mama mwingine kuuliza swali ambalo kilo hazijibu. Siku hiyo mtoeni Tatu mchanga alionao, chukueni kopo mlangoni, mpimieni uzito wa mwanawe upya, na mwiteni yule aliyembeba mtoto. Akishaondoka, mrudishieni Tatu ule mchanga wa Mama Masanja. Nimeufunga kwenye mfuko wake peke yake, ndani ya tumbo, upande wa moyo.